Mkwe wa Kitabuni

Binti yangu alinishika pabaya siku nilipokuwa namgombeza kwa ajili ya simu. Nilikuwa nimemwambia kwamba mtoto wa kidato cha tatu anatakiwa kusoma vitabu, si kutazama video za watu wasiojulikana wakicheza jikoni kwao. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akauliza, "Mama, wewe mara ya mwisho umesoma kitabu lini?"

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Mtwara mjini. Meza yangu haikosi karatasi za mitihani, na begi langu limechakaa kwa kubeba madaftari ya watu. Lakini kitabu, cha kusoma kwa raha zangu, sikumbuki. Pengine ni tangu chuo. Baba yake, aliyekuwa anavaa viatu aende zamu yake bandarini, akacheka kwa sauti na kusema, "Leo mwalimu kaulizwa swali gumu."

Basi tukaahidiana. Kila mwezi kitabu kimoja, mwaka mzima. Mimi nitamchagulia yeye na yeye atanichagulia mimi, na hakuna ruhusa ya kukiacha katikati. Nikaanza mimi. Nikampa riwaya nene ya Kiswahili niliyoipenda zamani, na akaisoma huku anashusha pumzi kila ukurasa kama mtu anayepanda kilima na ndoo kichwani. Akaimaliza. Akanirudishia, akasema, "Sawa. Sasa zamu yangu."

Kitabu alichoniletea kilikuwa cha Kiingereza, amekiazima kwa rafiki yake, nacho kilikuwa kimepita mikono mingi mpaka kona zake zimekuwa laini kama kitambaa. Juu ya jalada kulikuwa na msichana mweupe wa rangi ya maziwa, nywele zinapeperuka. Nyuma yake kasimama kijana kifua wazi, macho ya rangi ya fedha, anachuruzika maji.

"Huyu ana nini?" nikauliza.

"Ndiye mpenzi wake. Anaishi ziwani."

"Ziwani kwenye nyumba?"

"Ziwani majini, mama. Soma."

Nilikivalisha karatasi ya kaki kama tunavyovalisha madaftari ya darasa la kwanza, ili niweze kukisoma ofisini bila maneno. Haikusaidia. Mwalimu mwenzangu wa historia, mtu asiyeweza kuona kitu kimefungwa asikifungue, alikinyanyua kutoka mezani kwangu wakati wa chai, akafunua, akasoma mstari mmoja kwa sauti kubwa, ule ambao kijana anamwambia msichana kwamba moyo wake una harufu ya mvua. Ofisi nzima ilinigeukia. "Mwalimu," akasema, "hii ni mada ya ngapi ya hisabati?" Kwa wiki ile yote kila nikipita walikuwa wanainua pua na kuuliza kama mvua inanyesha.

Nisingekificha kama ningekuwa nakichukia kweli. Nilikuwa nimeshaanza kutaka kujua. Msichana amefiwa na mama yake, kapelekwa mji wa baridi kali kukaa na shangazi yake anayeuza maua. Shuleni anakutana na kijana mpole asiye na kivuli. Kijana ni wa watu wanaoishi chini ya ziwa, na balaa lake ni hili: kila akimbusu msichana, msichana anasahau jambo moja la maisha yake, asilijue ni lipi mpaka atakapolihitaji. Ni upuuzi, najua. Lakini nilijikuta nasahihisha majaribio haraka haraka ili nipate ukurasa mmoja kabla ya kengele.

Nikiwa nimefika karibu na theluthi ya kitabu, mama yangu akaja mjini kwa ajili ya macho.

Mama anaishi Msimbati, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba. Ana mihogo, ana mikorosho yake, na maji yakikupwa bado anashuka na chuma chake mwambani kutafuta pweza, pamoja na wanawake wenye umri wa kuwa binti zake. Kwa miaka miwili mtoto wa jicho alikuwa anamfunika taratibu, naye akawa anatuficha. Tuligundua siku alipomsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mtoto kainama. Madaktari wakasema watafanya jicho moja kwanza, kisha likipona la pili. Katikati hapo akae kwangu: asiiname, asibebe kizito, asikaribie moshi, na awekewe dawa ya matone kwa wakati wake.

Mwambie mwanamke kama mama asiiname. Siku ya kwanza nilimkuta anafagia uwanja huku bandeji iko jichoni. Siku ya pili alikuwa anapepea jiko la mkaa, uso kaugeuza pembeni, ati moshi haumfikii. Nikamkalisha kwenye kiti uani na kumwambia nitamfunga kwa kanga. Akakaa. Alikuwa anakaa kama mtu anayesubiri gari, mikono juu ya magoti, jicho moja limezibwa na jingine limejaa ukungu, anasikiliza nyumba ya watu wengine ikifanya kazi. Niliumia kumwona hivyo kuliko nilivyoumia hospitalini.

Alasiri moja, baada ya swala, mimi na binti tulikuwa tunabishana juu ya yule kijana wa ziwani. Mimi nilikuwa nasema ni mwongo, kwa nini asimwambie msichana mapema habari ya kusahau. Binti anasema alikuwa anaogopa kumpoteza. Mama akageuza kichwa.

"Mnamsema nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni kitabu."

"Nimesikia mnataja kivuli. Anacho au hana?"

"Hana, bibi," binti akasema.

"Basi huyo ni jini."

"Si jini, bibi. Ni… wao wanaita…" Binti akahangaika, akatafuta neno, akanitazama mimi. Sikumsaidia.

"Ni jini la Kizungu," mama akakata shauri. "Haya, anzeni mwanzo."

Ndivyo nilivyoanza kukisoma upya, kwa Kiswahili, nikitafsiri hapo hapo mstari kwa mstari. Sikujua kazi ilivyo ngumu. Theluji nilimweleza kuwa ni barafu inayoanguka kama pamba, akauliza sasa kuku wao wanalala wapi. Kila ukurasa wale vijana wanaambiana wanapendana, na kwa Kiingereza neno lile linapita kama salamu, lakini kulitamka kwa Kiswahili mbele ya mama yako, ukimtazama usoni, ni jambo jingine. Nikawa napunguza. Wakisema mara nne mimi nasema mara moja.

Tulipofika kwenye busu la kwanza, ukurasa mzima na nusu wa busu, nikakohoa na kusema, "Wakasimama ukingoni mwa ziwa, akamshika mkono."

"Mama!" Binti alikuwa amekaa nyuma yangu anafuatilia. "Hapo si mkono!"

"Nyamaza."

"Sasa bibi ataelewaje amesahau kwa sababu gani?"

Mama akaanza kucheka. Anacheka kwa mabega kwanza, sauti huja baadaye. "Mwanangu," akaniambia, "wewe nilikuokota ufukweni? Nimewazaa nyote kwa njia wanayozaa watu. Soma busu lako nijue kasahau nini."

Nikalisoma. Niliangalia chini muda wote, nikalisoma kwa sauti ya mwalimu anayetaja majibu ya zoezi, na nilipomaliza mama akasema, "Refu," halafu akauliza, "Sasa kasahau nini?"

Kuanzia hapo hakukuwa na siku iliyopita bila kitabu. Alasiri zikawa zake. Mume wangu, ambaye msimu ule wa korosho alikuwa anatoka bandarini amechoka, vumbi la magunia mpaka kwenye kope, alianza kuuliza akiwa bado ananawa mikono, "Enhe, mkwe kafika wapi?" Maana mama alikuwa ameshampa jina hilo. Alimwita mkwe, na alikuwa na malalamiko naye mengi. Hakumwona mtu yeyote wa upande wa mkwe akija kwa shangazi kujitambulisha. Hawana wazee huko ziwani? Na shangazi naye, mwanamke mzima, anaona kijana analowesha zulia kila siku haulizi kwao ni wapi? Nikimwambia kwamba huko hawaoani wakiwa wadogo hivyo, wanapendana tu kwanza, aliitikia "ee" ndefu isiyokubali.

Kuna sura ambayo shangazi anashtuka hatimaye. Anamleta bibi mmoja mwenye mishumaa na majani, aje amtenge msichana na kijana wa ziwani. Wanamzungushia chumvi, wanasoma maneno, na msichana anaanguka chini akilia kwa sauti isiyo yake. Nilisoma sehemu ile vizuri, nikijua mama ataipenda. Nilipoinua macho nikakuta hacheki wala haulizi kitu. Kidole chake kilikuwa kinazungusha pindo la kanga.

"Mimi pia nilikuwa na jini," akasema.

Binti alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini.

"Jini gani, mama?" nikauliza.

"Mahaba. Wa baharini." Akaachia pindo la kanga. "Nilikuwa mkubwa kuliko huyu mjukuu wangu, si sana. Akaja mtu kuniposa, mtu mzima, ana wake tayari, ana mali yake ng'ambo ya Ruvuma. Baba alifurahi. Mimi sikuulizwa. Mara nikaanza kuanguka."

Alitueleza jinsi alivyoanguka mara ya kwanza kisimani, ya pili katikati ya wageni. Alikuwa anakoroma, anasema kwa sauti nzito kwamba huyu ni mke wangu na atakayemgusa nitamvunja mgongo. Waganga wakaja. Ngoma ikapigwa mpaka asubuhi na yeye akicheza katikati, macho yamegeuka. Yule mposaji alikaa siku chache, akakumbuka ana shughuli kwao, akavuka mto na hakurudi.

"Maskini bibi," binti akasema, ametoa macho. "Ikawaje? Alitolewa?"

"Nani?"

"Jini."

Mama akaanza kutikisika mabega. "Hakukuwa na jini, mjukuu wangu. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kukoroma. Tulikuwa tunakwenda shambani, ananiambia, koroma nisikie, naona haya, ananiambia hilo ni koo la mbuzi, shusha tumboni. Siku ya ngoma kicheko kilinijia nikaona naumbuka, nikajiangusha nikauficha uso mchangani."

Nilimtazama mama yangu kama mtu niliyekutana naye kwenye foleni. Mwanamke huyu alinilea kwa ukali, alinichapa kwa kudanganya kwamba sikulamba sukari, na miaka yote hii alikuwa na ngoma nzima ya uongo kifuani mwake.

"Na baba je?" nikauliza. "Baba alikuoaje na wewe una jini?"

Hapo uso wake ulilainika. Baba alikuwa fundi cherehani wa Mikindani, aliyefika Msimbati kushonea watu nguo za sikukuu. Alipopeleka maneno nyumbani kwao, wazee, kwa kuwa ni waungwana, walimweleza wazi kwamba binti ana mwenyewe, wa baharini, ana wivu. Baba akafikiri. Kisha akawajibu, "Mwambieni huyo mwenyewe kwamba mimi sina ugomvi naye. Tutakaa watatu."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo mbele ya watu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nikasema moyoni, huyu."

Na mimi nikakumbuka. Tulipokuwa watoto, tukikaa kula, baba alikuwa na mtindo wa kumega tonge la kwanza na kuliweka pembeni ya sinia, anasema, "Hili la mwenzetu." Mama alikuwa anamtupia jicho, wanacheka wao wawili. Sisi tulijua mwenzetu ni mgeni, kwamba ndiyo heshima, kumwekea mgeni ambaye huenda akatokea. Mimi mwenyewe nimewahi kumfundisha binti yangu hivyo.

"Hukumwambia ukweli?"

"Nilimwambia. Wewe ulikuwa umeshazaliwa. Nilishindwa kuendelea kumdanganya mtu anayemwekea jini chakula. Akanisikiliza huku anatunga uzi kwenye sindano. Akaniambia, 'Mimi nilijua. Jini gani anakula pweza namna ile?'"

Alicheka, na machozi yakatoka kwenye jicho lililo wazi, na mimi nikarukia kumfuta kwa kitambaa kisafi kwa sababu ya masharti ya hospitali. Akanisukuma mkono. Baba alikuwa amekufa muda mrefu kiasi kwamba tulikuwa tumezoea kumtaja kwa dua na si kwa vituko vyake. Alasiri ile alirudi nyumbani kijana, na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

Binti alirudi kwenye vitunguu vyake. Kisha akauliza, "Bibi, angekuja mzee kama yule leo kuniposa, nikorome?"

"Wewe umesomeshwa. Mwambie hapana kwa mdomo wako," mama akajibu. "Asiposikia, njoo Msimbati nikufundishe."

Hatukukimaliza kitabu kwa urahisi. Kuna mahali msichana anashika simu ya zamani yenye sauti ya mama yake marehemu, anaisikiliza, na anajiuliza ni mwanamke gani huyu anayezungumza. Amesahau. Nilitafsiri sentensi hiyo kabla sijaielewa vizuri, na nilipoielewa nikaacha kusoma. Mama akasema, "Funga." Nikafunga. Akaomba apelekwe ndani.

Hakutaka kusikia habari za mkwe tena. Siku iliyofuata nilikaa uani peke yangu na kitabu pajani, sikukifungua, ingawa ningeweza kusoma peke yangu nikamaliza. Nilikuwa nasikia redio ya mama chumbani. Kesho yake alasiri akatoka mwenyewe, akipapasa ukuta, akavuta kiti.

"Nimefikiri," akasema. "Yule mtoto hana makosa. Mtu akifiwa na mama yake mapema, atashika kila mkono anaopewa. Soma. Lakini nikisema funga, ufunge."

Hakusema funga tena. Mwishoni kijana anagundua kuwa njia pekee ya kumrudishia msichana kumbukumbu zake ni yeye kurudi ziwani asitoke tena. Anaingia majini alfajiri. Msichana anaamka, anakumbuka kila kitu, sauti ya mama yake, wimbo wa utotoni, jina la mbwa wake. Asichokumbuka ni kijana. Anapita ukingoni mwa ziwa akienda shule na hajui kwa nini miguu inasita.

Kuku wa jirani alikuwa amefika mpaka kwenye vitunguu na hakuna aliyemfukuza.

"Afadhali," mama akasema. Kisha akaongeza, "Lakini maskini mkwe, mtoto wa watu. Kumbe alikuwa na malezi."

"Kipo cha pili," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Cha pili nini?"

"Kitabu cha pili. Kinaendelea."

Mama akamgeukia na lile jicho lake jipya, ambalo bandeji ilikuwa imeshatolewa siku chache nyuma na lilikuwa linaona vizuri kiasi cha kuhesabu majani ya mti wa jirani. "Na wewe umekaa unaniacha nalia!"

Kitabu cha pili hakikupatikana haraka. Rafiki aliyekuwa nacho alikuwa amempa mwingine, na huyo mwingine yuko Newala. Jicho la pili likafanywa, likapona, na mama akarudi kwake Msimbati akiwa ananitukana kwa upendo kwamba nimemnenepesha kama mwali.

Tulimfuata likizo ilipofika, mimi na binti. Tulimkuta kibarazani na majirani zake, wanamenya mihogo. Nilipiga magoti kusalimia, "Shikamooni mama zangu," wakaitikia wote kwa pamoja, na mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kisu mkononi, hakungoja hata nikae.

"Mwalimu, ni kweli yule kijana wa ziwani amehamia baharini?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anamenya muhogo kwa bidii kubwa.

Ilibidi nisikie kutoka kwao. Katika kitabu cha mama, kijana hakubaki ziwani. Ziwa lile lina mto, na mto umeingia baharini, na bahari ni moja tu, basi akaogelea mpaka akafika maji ya moto ya huku kwetu. Akatuma wazee. Walikuja kwa shangazi wamelowa lakini wamevaa kanzu, wakaeleza shida yao kwa heshima, na shangazi akasema atamuuliza binti mwenyewe. Binti kaulizwa.

"Akasemaje?" nikauliza, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua.

"Ndiyo tunakungoja wewe," yule mnene akasema. "Mama yako anasema bado hakijafika hicho kitabu."

Binti yangu alikuwa anacheka mpaka kashika nguzo. Kisha akavua begi lake mgongoni. Kumbe kilikuwa kimefika kutoka Newala siku moja kabla ya safari, na hakuniambia, alitaka kuona uso wa bibi yake. Wanawake wakasogea kumpa nafasi mkekani. Nilitegemea anipe mimi nisome kama kawaida, lakini alikaa mwenyewe karibu na bibi, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kutafsiri, taratibu, akikwama kwenye maneno. Akikwama bibi anampa neno. Mengine anapewa kwa Kimakonde, na wanawake wanacheka, na yeye anayarudia kwa shida mpaka yanamkubali mdomoni.

Nikachukua kisu kilichokuwa chini, nikavuta muhogo, nikakaa nyuma yao kusikiliza.